Wavu wa madirisha ya banda la kuku Dar: nusu inchi, robo inchi, nondo au tofali za matundu?

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo ukaomba wavu wa banda la kuku, mara nyingi utakunjuliwa ule wa matundu ya pembe sita kabla hujaulizwa banda liko mtaa gani. Jina ndilo linalouuza. Unaitwa wavu wa kuku, basi mnunuzi huamini umetengenezwa kumlinda kuku, kumbe umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Anayetaka kuingia ni habari nyingine, na ndiye tunayempimia hapa: wavu wa pembe sita, wavu wa kuchomelewa wa nusu inchi, wa robo inchi, wavu wa mbu, nondo na tofali za matundu, kipi kikae kwenye madirisha ya banda la nyuma ya nyumba, na kila kimoja kinakunyang'anya upepo kiasi gani.

Hilo la upepo lisichukuliwe kama nyongeza. Kuku hatoki jasho. Joto likipita nyuzi 30 huanza kuhema mdomo wazi, na Dar ya Januari na Februari hufika hapo karibu kila mchana, huku unyevu wa bahari ukifanya kuhema kwenyewe kusisaidie sana. Anayeziba banda hadi lisipite hata mende atakuwa amemkomesha kicheche, halafu atahesabu kuku waliokufa kwa joto na amonia, ile hewa kali inayotoka kwenye kinyesi.

Nani anakuja, na anapita tundu la kiasi gani

Wageni hutofautiana kwa mtaa. Madale, Bunju, Chanika na upande wa Pugu, ambako vichaka havijaisha, usiku ni wa kicheche, kanu, fungo na panya buku. Mchana hupita nguchiro na kenge. Tabata, Sinza, Magomeni na kwingine kulikobanana, wasumbufu ni paka wa mtaani, panya na binadamu mwenye gunia. Kandokando ya bonde la Msimbazi, masika yakijaza mashimo maji, panya na nyoka hupanda kutafuta pakavu, na banda lenye maranda ni pakavu kweli. Kunguru wenye shingo ya kijivu, wale walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 kisha wakaenea pwani, hawana mtaa: popote penye vifaranga wapo, na wao kazi yao ni mchana kweupe.

Wanyama wembamba hupitisha mwili karibu popote panapopita kichwa. Tundu la inchi 2 (milimita 50) ni mlango wa nguchiro mwembamba. La inchi 1 linamkatalia yeye lakini panya mzima anapita. La nusu inchi (milimita 12 hadi 13) linamzuia panya mzima. Panya mchanga anaweza kujipenyeza, na vipanya vya nyumbani vinapita bila kubana mabega. La robo inchi (milimita 6) ndilo linalowafungia karibu wote, pamoja na nyoka wengi. Nyoka mwembamba kwenye nusu inchi hupita akiwa na njaa. Akishameza kitu anaweza kunasa akirudi, ukamkuta asubuhi amekwama katikati ya wavu.

Ukubwa wa tundu ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni unene wa waya. Mbwa hahitaji kupita kwenye tundu. Anauma, anavuta, wavu unafumuka.

| Aina | Inazuia | Inashindwa na | Sehemu inayobaki wazi |
|---|---|---|---|
| Pembe sita, inchi 1, waya chini ya milimita 1 | kuku, kunguru, mwewe | panya, mbwa, ukishika kutu, hata paka | zaidi ya asilimia 90 |
| Nusu inchi wa kuchomelewa, waya milimita 1 | kicheche, kanu, paka, kenge, panya mzima, shomoro | vipanya, nyoka wembamba, mwizi mwenye koleo | kama asilimia 85 |
| Robo inchi wa kuchomelewa, waya milimita 0.6 | hao wote, vipanya na nyoka wengi | mbwa mkubwa akiukandamiza, mwizi | kama asilimia 82, ukiwa safi |
| Wavu wa mbu | mbu, inzi | karibu kila mwenye meno au kucha | kama asilimia 65, na hushuka haraka |
| Nondo milimita 10, kila sentimita 10 | mwizi, mbwa mkubwa | wadogo wote | asilimia 90 |
| Tofali za matundu | mwizi, mbwa, mvua ya upepo | panya, kicheche, nyoka | theluthi hadi nusu, kutegemea umbo |

Safu ya mwisho ni hesabu ya kawaida ambayo unaweza kuirudia dukani na rula. Wavu wa nusu inchi una hatua ya milimita 12.7 kutoka waya hadi waya. Toa milimita 1 ya waya, gawanya kwa 12.7, zidisha kwa yenyewe: unapata asilimia 85. Ukipewa wavu wa aina usiyoijua, fanya hivyohivyo.

Pembe sita: una kazi yake, ila si hii

Wavu huu umesokotwa, haukuchomelewa. Waya mmoja ukikatika, msokoto unalegea na tundu jirani linapanuka. Mbwa akishapata pa kuingiza pua, kilichobaki ni dakika chache. Waya wenyewe ni mwembamba, wa geji 20 hadi 22 (geji ni kipimo cha unene: namba ikikua, waya unapungua), na kwenye hewa ya chumvi ya Kigamboni, Mbezi Beach au Kunduchi unaanza kuvunjika mkononi wakati ule mnene bado umebadilika rangi tu, kuwa kijivu. Upo wa matundu ya nusu inchi pia, na wengine huununua wakidhani wamepata nusu inchi ya kweli kwa bei nafuu. Tundu ni lile, waya siyo.

Uuweke wapi basi? Juu ya uwanja wa kuku wa mchana, kuzuia kunguru na mwewe, unafaa sana: ni mwepesi, unajikunja kufuata miti, na saa ile watu wako macho. Usiuweke popote kuku wanapolala.

Nusu inchi dhidi ya robo inchi

Hapa ndipo watu wengi husitasita, na jibu letu halina kigugumizi: nusu inchi kwa madirisha ya banda la kuku wakubwa, robo inchi kwa chumba cha vifaranga na kwa mianya midogo tu.

Sababu ya kwanza ni vumbi. Maranda, manyoya laini na unga wa chakula huelea ndani ya banda na kujishikiza kwenye waya. Kwenye nusu inchi vumbi hilo hutengeneza ndevu kwenye kingo za tundu. Kwenye robo inchi ndevu za pande mbili hukutana, tundu likazibika. Ile asilimia 82 ya kwenye jedwali inaweza kubaki nusu yake kama hupitishi ufagio kwa wiki kadhaa. Sababu ya pili ni waya wenyewe. Robo inchi inayopatikana kwa kawaida ina waya wa geji 23, karibu milimita 0.6, na nusu inchi ni geji 19, milimita 1. Waya mwembamba una zinki kidogo ya kuliwa, kwa hiyo kutu inaumaliza mapema. Unalipa zaidi kwa kitu kitakachokuhitaji ukisafishe mara kwa mara na kukibadilisha mapema.

Kwa vifaranga hesabu inageuka. Kifaranga wa wiki mbili huuawa hata na panya ambaye kuku mkubwa angemdonoa. Nyoka mdogo asiyeweza kitu kwa tetea anaweza kumeza kifaranga. Chumba chao ni kidogo, huhitaji mita nyingi za wavu, na unakifagia kila siku hata hivyo. Robo inchi hapo ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Ukifika kununua, usiangalie tundu peke yake. Angalia maungio. Wavu uliochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa una vitone vinene, vya mviringo, vya rangi ya fedha kila waya mbili zinapokutana. Ule uliochomelewa kwa waya uliokwisha kutiwa zinki una maungio makavu yenye alama nyeusi au kahawia ya moto: zinki imeungua pale palepale panapobeba nguvu, na kutu itaanzia hapo. Kwa Kinyerezi au Goba tofauti hiyo utaiona baada ya muda. Kwa nyumba inayosikia mawimbi usinunue wa pili hata ukipunguziwa. Kunja kona ya wavu mara mbili tatu kwa vidole. Ungio likiachia, wavu uache dukani.

Upana nao upimwe kabla fundi hajajenga, si baada. Marobota mengi ni ya futi 3 (sentimita 90) au futi 4 (sentimita 120). Dirisha likiwa na urefu wa sentimita 110 kwenda juu, wavu wa futi 4 unakupa sentimita 5 za kulalia fremu juu na 5 chini bila kiungo. Dirisha likiwa sentimita 120 kamili, wavu haugusi fremu ipasavyo na itabidi uunge kipande. Kila kiungo ni mwanya unaosubiri siku yake.

Wavu wa mbu

Huwekwa kwa sababu nzuri: mbu hueneza ndui ya kuku, na Dar mbu hawana msimu. Lakini wavu wa mbu wa nailoni panya anaukata kwa usiku mmoja, paka anaupanda kwa kucha, na upepo wa jioni, ule dhaifu wa kati ya kaskazi na kusi, unagota juu yake kana kwamba umekutana na pazia. Tundu dogo hivyo hukwamisha hewa kuliko asilimia zinavyoonyesha, kwa sababu hewa husuguana na kila uzi. Kwa ndui, chanjo ya kuchoma kwenye ngozi ya bawa ni nafuu kuliko kulifunga banda zima. Ukiung'ang'ania kwa vifaranga, uwe wa ndani, juu ya fremu nyepesi inayotolewa na kufuliwa, na wavu wa chuma uwe nje yake.

Nondo na tofali za matundu: hivi ni vya mwizi

Wavu wa milimita 1 hukatwa kwa koleo ya kawaida kwa muda wa kunywa maji. Kama kuku wako hupotea kwa mafungu, bila damu wala manyoya, kicheche hahusiki. Kicheche huacha maiti.

Nondo za milimita 10 zilizochomelewa kila sentimita 10 kwenye fremu ya pembe ya chuma, kisha fremu ikashikwa ukutani kwa miguu iliyozamishwa kwenye zege, hazikatiki kimyakimya. Hazili upepo wa maana. Upungufu wake ni kwamba zinahitaji wavu pia, basi gharama ni mbili, na fundi wa kuchomelea lazima apake rangi ya kuzuia kutu kwenye kila alama ya moto siku hiyohiyo. Ukiacha "mpaka wikiendi" karibu na bahari, wikiendi utakuta kahawia.

Tofali za matundu zina wapenzi wengi kwa sababu hazishiki kutu na zinapendeza ukutani. Kwa banda dogo hatuzipendekezi upande wote. Tofali linaloacha theluthi tu wazi maana yake ukuta wa mita 4 unapumua kama ukuta wa mita moja na theluthi. Matundu yenyewe huwa ya sentimita 5 hadi 10, kwa hiyo bado unahitaji wavu nyuma, na kati ya tofali na wavu hujikusanya vumbi, utando wa buibui na utitiri, mahali ambapo hakuna ufagio unaofika. Zinafaa sehemu moja: ukuta unaotazama uchochoro au barabara, pale juu ya vichwa vya kuku, ambapo hutaki mtu apitishe mkono wala macho.

Hesabu ya banda moja

Chukua banda la mita 3 kwa 4, la kuku 60 kwa kiwango cha kuku 5 kwa kila mita ya mraba. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la alasiri lipige kuta fupi zilizozibwa. Kila upande mrefu una kozi (mistari) tatu za tofali kutoka chini, karibu sentimita 70, kisha madirisha mawili ya mita 1.9 kwa 1.1 yakitenganishwa na nguzo.

Madirisha manne yana mita za mraba 8.36. Nusu inchi inakuachia karibu 7.1 wazi. Wavu wa mbu, ukiwa mpya, 5.4. Tofali za matundu za theluthi, 2.8. Tazama tofauti hizo mbele ya kuku 60 saa nane mchana mwezi wa pili, halafu uchague.

Vifaa kwa madirisha manne ya nusu inchi:

- wavu wa futi 4, mita 8.5 (kila dirisha mita 2, zilizobaki za kukosea);
- mbao za 2x2 zilizotiwa dawa ya mchwa kwa fremu, mita 24 na kidogo ya kukata;
- kanda za mbao za 1x2 za kufunika ukingo, mita 24;
- misumari yenye umbo la U, kama 320, yaani mmoja kila sentimita 7.5;
- skrubu za inchi 2 zenye washa, kama 160, yaani moja kila sentimita 15;
- kopo dogo la rangi ya zinki kwa ncha zilizokatwa.

Kozi tatu za chini hazikuwekwa kwa urembo. Wavu unaogusa maranda yenye kinyesi huliwa na amonia kuanzia chini, na panya hupenda kutafuna kona ambayo haonekani. Ukiinua wavu sentimita 70, adui analazimika kupanda ukuta kwanza, na wewe unamwona.

Kufunga: hapa ndipo wavu mzuri unaharibiwa

Wavu bora uliofungwa kwa pini za stepla ni dhaifu kuliko wavu wa wastani uliobanwa vizuri. Pini ya stepla inaingia kwenye mbao milimita chache. Mbao ikilowa masika na kukauka Juni, pini inatoka yenyewe.

Wavu ukae upande wa nje wa fremu. Mnyama husukuma kutoka nje kwenda ndani. Wavu wa nje ukisukumwa unazidi kuegemea mbao. Ukiwekwa ndani, kila msukumo unang'oa misumari. Mafundi wengi hupenda ndani kwa sababu kazi inaonekana safi kwa nje. Mwambie kabla hajaanza.

Anza kupigilia katikati ya ukingo wa juu, kisha vuta na upigilie katikati ya ukingo wa chini, halafu kushoto, halafu kulia, ndipo ujaze kuelekea kwenye kona. Ukianzia kona moja kwenda nyingine, wavu utakunja tumbo, na tumbo hilo paka hulichezea hadi lilegee. Kata wavu ukiacha angalau sentimita 5 za kulalia mbao kila upande. Paka rangi ya zinki kwenye ncha zote zilizokatwa, kisha funika kwa ukanda wa 1x2 na skrubu zipite kwenye ukanda, kwenye tundu la wavu, hadi kwenye fremu. Washa ni muhimu: skrubu isiyo na washa hupasua ukanda mwembamba.

Tatizo la kufunga nje ni mwizi mwenye bisibisi. Kama huweki nondo, badilisha skrubu nne za kila dirisha, mbili juu na mbili chini, kwa boliti za kichwa cha mviringo ambazo nati zake ziko ndani. Hazimzuii milele ila zinamchelewesha, na mbwa wa jirani anapata muda wa kubweka.

Palipolazimu kuunga vipande viwili, vipishane sentimita 10 na vishonwe kwa waya wa kufungia nondo, pindo moja kila tundu la tatu. Kupishanisha bila kushona ni kutengeneza kifuniko kinachofunguka.

Vichanja vya kulalia viwe mbali na wavu, sentimita 50 si nyingi. Kwenye wavu wa inchi 1 au 2, paka na kanu hupitisha mkono na kuvuta mguu au shingo ya kuku aliyelala akiuegemea. Asubuhi unakuta kuku hana kichwa, wavu mzima, kufuli zima, na watu wanaanza kutaja uchawi. Nusu inchi inazuia mkono huo, lakini kuku anayelala akigusa wavu anaulegeza pia kwa uzito wake.

Mianya ambayo hakuna anayeinunulia wavu

Unapoyamaliza madirisha, panda ngazi utazame bati linapolala juu ya mbao. Kila mgongo wa bati unaacha upenyo wa nusu mwezi, na panya haulizi kama umeufanya makusudi. Banda la mita 4 lina makumi ya mianya hiyo kila upande. Usiizibe yote kwa zege, kwa sababu hewa ya moto hupanda na pale ndipo inapotokea. Kata ukanda wa wavu wa robo inchi wa upana wa sentimita 15, ukunje kwa umbo la L, upande mmoja upigiliwe kwenye mbao ya juu na mwingine usukumwe ndani ya migongo. Hapa robo inchi inaruhusiwa hata na sisi: vumbi ni kidogo, na vipande vilivyobaki kutoka chumba cha vifaranga vinatosha. Chini ya kofia ya paa fanya vivyo hivyo.

Mlango ni mwingine. Nafasi ya chini ya mlango isizidi kidole chembamba. Zaidi ya hapo weka kizingiti cha zege na ukanda wa bati, maana mbao tupu panya anaitafuna.

Turubai za masika ziko kwenye orodha hii kwa sababu iliyo kinyume. Mvua ya upepo wa kusi inapoanza, watu huteremsha turubai hadi chini na kusahau. Itundike kutoka sentimita 20 chini ya ukingo wa juu wa dirisha, ili hewa ya moto iwe na pa kutokea, na ikunjwe kila mvua inapokatika.

Tungechagua hivi

Uswahilini kulikobanana, panya na wezi wakiwa wengi: nusu inchi nje, nondo ndani ya fremu ileile, tofali za matundu ukuta wa uchochoroni tu. Pembezoni kwenye vichaka, kwenye uzio unaoaminika: nusu inchi peke yake, pesa ya nondo iende kwenye migongo ya bati na kizingiti cha mlango. Karibu na bahari: nusu inchi ile yenye vitone vya zinki kwenye maungio, na uikague kila baada ya masika kwa kukandamiza kwa kidole gumba kona za chini, maana ndizo zinazooza kwanza. Kama pesa haitoshi sasa hivi, punguza ukubwa wa banda na idadi ya kuku badala ya kushuka kutoka nusu inchi hadi pembe sita.

Limebaki moja ambalo hakuna wavu katika jedwali lile unaolishughulikia, nalo ni siafu. Hupita mwanya wowote, na kuku aliyefungiwa ndani ya banda lisilo na upenyo hana pa kukimbilia. Banda la miguu liwekwe miguu kwenye makopo yenye oili chafu. Banda la tofali lizungukwe na mita moja ya ardhi iliyofyekwa, na mvua zikianza mwagia majivu mstari mzima wa msingi. Wakishaingia, dawa ni kufungua mlango na kuwatoa kuku nje usiku uleule. Kwa hiyo ufunguo wa kufuli la banda ukae msumari mmoja unaojulikana na kila mtu mzima nyumbani, akiwemo dada wa kazi, na tochi iwe pembeni yake.